Steve Albini: aliishije bila mrabaha, na dramu alizirekodi vipi?

BesiNzito aliuliza:

Habari zenu wakuu. Tuna bendi ya watu wanne: dramu, besi na magitaa mawili. Tunataka kurekodi nyimbo nane tukipiga wote kwa pamoja, bila kunyoosha kila pigo kwenye kompyuta baadaye. Nikisoma kuhusu rekodi za namna hii, jina linalorudi kila mara ni la Steve Albini, fundi wa kurekodi muziki wa Chicago, aliyefariki Mei 2024. Naomba wanaomfahamu vizuri wanisaidie mambo matatu.

Kwanza, inasemekana hakuchukua mrabaha hata kwa bendi kubwa ya Nirvana. Sasa aliishi kwa nini miaka yote hiyo, na je, fundi wa studio wa huku kwetu anaweza kutoza kwa mtindo huo asife njaa?

Pili, dramu zake unasikia chumba kabisa, lakini kila pigo bado liko wazi. Je, siri ni maiki za bei kubwa au mpangilio? Sisi tuna intafesi (kifaa cha kuingiza sauti kwenye kompyuta) ya njia nane, maiki mbili za kondensa na sita za dainamiki.

Tatu, aling'ang'ania tepu hadi mwisho. Kuna sababu ya kiufundi au ni mapenzi tu?

Tafadhali, majibu ya vitendo, na namba kama zipo.

---

FundiWaMeza alijibu:

Nitajibu la kwanza, la dramu nawaachia wenye masikio ya dramu.

Mkuu, ukitaka kuelewa bei ya Albini anza na cheo alichojipa. Hakupenda kuitwa prodyuza. Kwenye jalada alitaka iandikwe kwamba albamu "imerekodiwa na" yeye, au jina lake lisiwepo kabisa. Watu wengi huchukulia hilo kama unyenyekevu. Kwangu mimi hapo ndipo hesabu yake yote ilipoanzia. Prodyuza anayedai pointi, yaani asilimia ya mauzo, anasema sehemu ya kazi hii ni mali yangu. Albini alisema kazi ni mali ya bendi, yeye ameuza muda na ujuzi wake, na muda ukishalipwa deni limekwisha.

Aliijua biashara hiyo kutoka upande wa bendi kwanza. Alizaliwa Pasadena, California, mwaka 1962, akakulia Missoula, Montana, kisha akasoma uandishi wa habari Northwestern, pale Evanston jirani na Chicago. Mwaka 1981 akaanzisha Big Black. Hawakuwa na mpiga dramu. Walitumia mashine ya dramu ya Roland TR-606, na kwenye majalada waliiandika "Roland" kama mwanabendi mwenzao. Mkate wake wakati huo ulitokana na kazi ya kurekebisha picha za kuchapishwa, huku akirekodi bendi za marafiki. Big Black ikavunjika 1987. Mwaka uliofuata ikatoka albamu ya bendi ya Pixies, Surfer Rosa, aliyoirekodi Boston kwa dola 1,500, mkupuo mmoja, basi. Albamu ile imeendelea kuuzwa hadi leo.

Kisha Nirvana. Kabla hawajaanza aliwaandikia barua ya kurasa nne. Alipiga hesabu waziwazi: lebo ingetarajia adai pointi moja au moja na nusu, na albamu ikiuza nakala milioni tatu hiyo ni kama dola 400,000. Akakataa. Alitaka alipwe kama fundi bomba: anafanya kazi, analipwa thamani ya kazi, anaondoka. Wakakubaliana dola 100,000. Studio yenyewe, Pachyderm kule Cannon Falls, Minnesota, iligharimu kama 24,000. Februari 1993 walijifungia huko wiki mbili, wakiwa wamepanga studio kwa jina la uongo la The Simon Ritchie Bluegrass Ensemble ili watu wasiwafuate, wakatoka na albamu iliyorekodiwa na kuchanganywa, yaani kupangwa uwiano wa sauti zake. Lebo haikuifurahia. Nyimbo mbili, "Heart-Shaped Box" na "All Apologies", zilichanganywa upya na Scott Litt, na masta, yaani usawazishaji wa mwisho kabla ya kutolewa, ikafanywa na Bob Ludwig.

Mwaka huohuo wa 1993 alichapisha kwenye jarida la The Baffler mchanganuo ambao kila bendi inayotaka kusaini mkataba ingeusoma kwa kalamu mkononi. Ni mfano wa bendi ya watu wanne inayopewa malipo ya awali ya dola 250,000 na lebo kubwa, ikauza nakala 250,000. Mrabaha wa bendi unafika 351,000. Toa malipo ya awali 250,000, toa pointi za prodyuza zilizobaki 40,000, toa matangazo 25,000, toa 50,000 za kununua mkataba wa lebo ya zamani. Unabaki na hasi 14,000. Yaani bendi imeuza robo milioni na bado inadaiwa. Lebo imeingiza 710,000, prodyuza 90,000, na kila mwanabendi, ukijumlisha na vipesa vya ziara na fulana, 4,031.25. Tazama hapo jinsi pointi za prodyuza zinavyotoka kwenye fungu la bendi. Ndiyo maana hakuzitaka.

Sasa aliishi kwa nini? Wingi wa siku za kazi. Mwaka 1997 alifungua Electrical Audio, Belmont Avenue, Chicago: jengo moja, studio mbili, mafundi wengine waliokuwa wakifanya kazi humo, na mlango wazi kwa bendi yoyote yenye pesa ya siku. Kwa kampuni kubwa alitoza zaidi, kwa bendi ndogo alishuka. Kwa jumla alifanya maelfu ya rekodi. Alikuwa pia na Shellac, bendi yake na Bob Weston na Todd Trainer tangu 1992, lakini hiyo waliiendesha kwa mwendo wao, na albamu ya mwisho ilitoka siku kumi baada ya kifo chake. Poka nayo ilikuwa sehemu halisi ya kipato: kwenye World Series of Poker alishinda dola 105,629 mwaka 2018 na 196,089 mwaka 2022. Nataja hilo makusudi, kwa sababu hata mtu aliyefikia ngazi ile hakutegemea mfuko mmoja.

Ukitaka kuiga, bei ya siku haipatikani kwa kuangalia jirani anatoza ngapi. Chukua gharama zako za kudumu kwa mwezi: pango, umeme, intaneti, mlinzi, matengenezo. Tuseme zinafika shilingi 1,500,000. Kadiria siku ambazo utapata wateja kweli, siyo siku unazotamani. Tuseme 12. Tayari kila siku inadaiwa 125,000 kabla hujala. Ongeza ujira wako, tuseme 1,200,000 kwa mwezi, hiyo ni 100,000 kwa siku. Umefika 225,000. Weka kama asilimia kumi ya akiba ya vifaa, kwa sababu maiki itaanguka na diski ya kompyuta itakufa. Karibu 250,000 basi. Fundi anayetoza 80,000 kwa hesabu hiyo anaila studio yake mwenyewe, na akikosa pesa ataanza kudai asilimia ya nyimbo za watu.

Kinachoharibu mtindo huu ni kazi isiyo na mwisho. Bei ya siku inafanya kazi pale tu bendi inapokuja imeshafanya mazoezi. Kwenye ile barua Albini aliwaambia Nirvana kwamba rekodi ikizidi wiki moja kuna mtu anaharibu kazi mahali fulani. Weka kwenye makubaliano saa za siku moja, idadi ya marekebisho baada ya kuchanganya, na bei ya siku ya ziada.

---

NgoziMbili alijibu:

Dramu sasa. Jibu fupi ni mpangilio, lakini kabla ya mpangilio kuna dramu zenyewe na mpigaji. Albini alikuwa mzito kuweka kompresa (ya kubana tofauti za nguvu ya sauti) na ekwalaiza (ya kuongeza au kupunguza besi na makali) wakati wa kurekodi, kwa hiyo alichokinasa kilibidi kiwe kizuri tangu chumbani. Ngozi za zamani zilizobonyea katikati haziokolewi na maiki yoyote. Badilisha ngozi za juu siku moja au mbili kabla, zinyooshe, zifunge kwa mpangilio wa msalaba, na siku ya kurekodi uzirekebishe tena kila baada ya nyimbo mbili tatu. Mpigaji naye apige ngozi kwa nguvu na matoazi kwa upole. Wengi hufanya kinyume, halafu toazi linaingia kwenye kila maiki na snea, ile dramu kali ya katikati, inakuwa ndogo.

Albini kila tomu (dramu za pembeni) aliiwekea maiki mbili, juu na chini, na ile ya chini akaigeuza polariti, yaani wimbi lake likapinduliwa juu chini, kwa sababu ngozi ya juu ikizama, ya chini inasukumwa nje. Usipogeuza, sauti mbili zinafutana na mwili wa tomu unapotea. Kiki, dramu kubwa ya mguu, aliinasa upande wa mbele na upande wa pedali. Kampuni ya Josephson ilitengeneza maiki ya e22S kwa kushirikiana naye, na tomu ni mahali pake hasa. Usitamani hiyo kwa sasa, shika kanuni tu.

Hewa ya chumba ndiyo uliyoiulizia. Alipenda kuweka maiki za chumba mbali na dramu, chini kabisa sakafuni. Maiki iliyosimama kwenye stendi hewani inapokea sauti mara mbili: ya moja kwa moja na ile iliyogonga sakafu ikachelewa kidogo, na hizo mbili zinachimbana mashimo, yaani zinafutana kwenye masafa fulani. Maiki ikigusa sakafu, njia hizo mbili zinakuwa moja. Kisha akazichelewesha kwa milisekunde 10 hadi 20 hivi. Sauti inakwenda kama sentimita 34 kwa milisekunde, kwa hiyo milisekunde 15 ni kama kurudisha maiki nyuma mita tano nyingine. Sikio linapata pigo la karibu kwanza, likiwa kavu na wazi, halafu chumba kinafuata nyuma yake. Ndiyo sababu unasikia vyote viwili. Kwenye programu yako, ukirekodi kwa kilohezi 48, milisekunde 15 ni sampuli 720; chelewesha tu wimbi la chumba kiasi hicho, kisha jaribu 10, jaribu 20, na uchague kwa sikio huku bendi nzima ikicheza. Snea ikianza kusikika kama imepigwa mara mbili, umezidisha.

Intafesi yako ya njia nane haitoshi kwa dramu zenye maiki kila mahali pamoja na bendi nzima, kwa hiyo ukubali kuchagua. Mimi ningegawa hivi: kiki, snea ya juu, tomu kubwa, kondensa moja juu ya dramu, kondensa ya pili ya chumba, besi moja kwa moja kwa kisanduku cha DI (kinachounganisha gitaa na intafesi bila maiki), na magitaa mawili. Hizo ni nane. Tomu ndogo itaingia kwenye ile ya juu. Dainamiki moja inabaki ya mwimbaji kuwaongoza wenzake bila kurekodiwa. Sauti za kuimba mtaweka baadaye. Watu watakwambia lazima maiki mbili za juu ili upate stereo. Kwa vifaa ulivyo navyo, chumba kitakupa zaidi kuliko stereo ya matoazi.

Maiki ya juu iweke kama mita moja kutoka katikati ya snea, pima kwa kamba. Hapa ndipo wengi wanapoharibu bila kujua. Maiki ya snea iko sentimita tano kutoka kwenye ngozi, ya juu iko mita moja, tofauti ni sentimita 95, yaani karibu milisekunde 2.8. Zikichanganywa, shimo la kwanza linaangukia karibu hezi 180, palepale penye mwili wa snea. Snea inakuwa nyembamba, fundi anaongeza ekwalaiza, haisaidii. Dawa ni kubonyeza kitufe cha polariti kwenye maiki ya snea na kusikiliza zote mbili kwa pamoja: upande wenye uzito zaidi ndio sahihi. Ukiona hakuna tofauti kubwa, sogeza maiki ya juu sentimita kumi na urudie. Fanya hivyohivyo kwa kiki na tomu, kila moja dhidi ya ile ya juu, kabla hujarekodi hata pigo moja.

Viwango visizidi desibeli 10 chini ya sifuri kwenye mapigo makali. Dramu za moja kwa moja huongezeka nguvu kibwagizo cha mwisho kikifika, na kilichopasuka hakirudi.

---

BesiNzito aliandika:

Asanteni sana. NgoziMbili, chumba chetu ni mita 4 kwa 5, dari mita 2.7, kuta za zege na plasta, sakafu ya vigae. Maiki ya chumba itafaa kweli humo? Na magitaa tuyaweke wapi kama tunapiga pamoja?

---

NgoziMbili alijibu:

Ndani ya chumba hicho, maiki ya chumba itakupa mlio wa boksi. Kuta zinazotazamana za zege zinarushiana sauti; piga kofi moja utasikia mtetemo mkavu unaofuata. Kwenye sauti za chini, vipimo vyako vinaamsha masafa karibu na hezi 34, 43 na 64, kwa hiyo noti fulani za besi na kiki zitavimba na nyingine zitapotea. Usiweke dramu katikati kabisa ya chumba. Zisogeze kuelekea ukuta mfupi, ukiacha kama mita moja nyuma ya mpigaji, na nyuma yake simamisha magodoro mawili ya sponji yenye unene wa kutosha, inchi sita na kuendelea. Mkeka au zulia chini ya dramu tu. Vigae vingine viache wazi. Pazia jembamba na trei za mayai zinapunguza makali ya juu kidogo tu, besi inabaki vilevile.

Kisha ile kondensa ya pili itoe nje. Fungua mlango, iweke koridoni au kwenye chumba cha jirani, chini sakafuni, mita nne au tano kutoka kwenye mlango, ikitazama ukuta badala ya dramu. Hapo unapata umbali wa kweli, na kuchelewesha kwenye kompyuta huenda usikuhitaji kabisa. Mtaa ukiwa na kelele, rekodi usiku au acha.

Magitaa: Electrical Audio, Studio A ina chumba kikubwa na vyumba vya pembeni, kimoja kilichokufa kabisa wanakiita Alcatraz, kingine chenye mwangwi wanakiita Kentucky. Bendi inapiga ikionana, na sauti zinatenganishwa kwa vyumba. Kwenu, wapigaji wote wakae na mpiga dramu, spika zao ziende chumba cha kulala na bafuni. Kama kichwa cha ampu na spika ni vitu viwili, kichwa kibaki na mpigaji na waya mrefu uende kwenye spika. Uwe waya wa spika, siyo waya wa gitaa. Ule wa gitaa ni mwembamba na una kinga ndani, unapata joto, na kwenye ampu ya valvu unaweza kuunguza transfoma. Kama ampu ni ya kipande kimoja, fanya kinyume: ampu iende chumbani, waya wa gitaa urefuke, lakini ukizidi mita sita hivi makali ya juu yanaanza kupungua.

Albini kwa gitaa aliweka maiki mbili kwa kila spika, moja ya sauti angavu na moja ya sauti ya giza, mara nyingi maiki ya aina ya riboni kama Coles 4038, akachanganya hizo mbili badala ya kutumia ekwalaiza. Wewe una moja kwa kila gitaa. Ielekeze kwenye mpaka kati ya kitovu cha spika na karatasi yake, sentimita tano kutoka kwenye kitambaa. Ikiwa kali mno sogeza sentimita mbili kuelekea pembeni. Sentimita mbili zinabadilisha zaidi ya ekwalaiza yoyote.

Kama mnajenga siku moja, kuta za Electrical Audio zina matofali ya udongo mbichi. Uzito wake unazuia besi kupita, na uso wake usio laini unatawanya sauti. Tofali la udongo tunalo vijijini kote, na watu wa studio wanalikimbia kwenda kwenye bodi za jipsamu zinazozuia besi kidogo tu.

---

KashaLaTepu aliandika:

La tatu. Albini alikuwa na sababu mbili, na ya kwanza ni ya uhifadhi. Tepu ya inchi mbili yenye njia 24 inachezwa na mashine yoyote ya aina hiyo iliyo sawa, leo au baada ya miaka hamsini, bila nywila, bila leseni, bila kuuliza programu ya mwaka gani. Faili la mradi wa kompyuta linategemea programu, vidude vyake vya nyongeza na mfumo wa kompyuta, na vyote vinabadilika. Kwake hilo lilikuwa jukumu kwa mteja: masta, hapa ni rekodi yenyewe ya asili, ni ya bendi, lazima iendelee kufunguka hata studio ikifa. Studio yake ilikuwa na kompyuta kwa waliozitaka. Yeye mwenyewe alikaa na mashine ya tepu ya Studer.

Ya pili ni namna tepu inavyolazimisha uamuzi. Rili ya futi 2,500 kwa kasi ya inchi 15 kwa sekunde inaisha baada ya dakika 33 na sekunde 20. Kwa inchi 30, dakika 16 na sekunde 40. Huwezi kuweka mara ishirini za wimbo mmoja ukachague kesho. Mnapiga, mnasikiliza, mnaamua: hii inabaki au tunaifuta.

Kwenu nisingeshauri tepu hata kidogo. Rili mpya ni ghali, mashine inahitaji kusafishwa na kurekebishwa vichwa mara kwa mara, na unyevu wa Pwani haupatani nayo. Tepu nyingi za miaka ya 1970 na 1980 gundi yake inanyonya maji na kuanza kunata, hadi zinabidi kukaushwa kwa joto dogo, nyuzi 50 na kidogo, kwa saa kadhaa, ili zichezwe tena na kunakiliwa. Wanaohangaika na rili za zamani za Radio Tanzania wanajua kwa nini kunakili ni kazi ya haraka. Na tukiwa hapo: bendi zetu za dansi zilirekodi Radio Tanzania zikipiga zote kwa pamoja, saksafoni, magitaa na mwimbaji kwa wakati mmoja, maiki chache. Mnachotaka kufanya kimeshafanyika Dar es Salaam kwa miaka mingi, na ukisikiliza jinsi magitaa matatu yanavyopishana bila kugongana unajifunza upangaji ambao hauko kwenye mafunzo yoyote ya mtandaoni.

Chukueni nidhamu ya tepu bila tepu. Kila wimbo mara tatu, hazizidi. Mkichagua moja, futeni nyingine siku hiyohiyo. Mwishoni kila njia itolewe kama faili moja la WAV, biti 24, kilohezi 48, zote zikianzia sifuri na kuishia pamoja, majina yanayosomeka: wimbo, ala, tarehe. Faili la mono la namna hiyo linakula megabaiti 8.64 kwa dakika. Njia nane kwa dakika arobaini za muziki ni kama gigabaiti 2.8. Nakala mbili kwenye diski mbili, kwa watu wawili, nyumba mbili.

---

ShaliNyekundu aliandika:

Nimemsoma FundiWaMeza kwa makini na kuna sehemu moja nampinga, kwa sababu vijana watasoma uzi huu na kuumia.

Albini aliweza kukataa mrabaha kwa haki kwa sababu hakutunga. Bendi ilikuja na nyimbo zake, yeye akanasa. Prodyuza wa Bongo Fleva ni mtu mwingine kabisa: anatengeneza biti, anatunga mstari wa kinanda, mara nyingi anapanga hata kiitikio. Huyo ni mtunzi mwenza, na mtunzi ana haki yake kwenye hakimiliki. Kumwambia achukue 250,000 na aondoke kama fundi bomba ni kumnyang'anya. Kwa hiyo kabla ya kuiga bei, jiulize umefanya kazi ipi. Umenasa bendi iliyokuja na nyimbo? Toza siku. Umetunga? Andikeni asilimia za utunzi kabla wimbo haujatoka, saini zote, na msajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, mkiwa bado mnaongea vizuri.

Jambo la pili ni maandishi. Lebo iliyotoa kazi za Shellac, Touch and Go ya Chicago, ilisifika kwa makubaliano ya kupeana mkono na kugawana faida nusu kwa nusu baada ya gharama. Ni mgawo mzuri kuliko wa lebo kubwa yoyote. Lakini bendi ya Butthole Surfers iliishtaki lebo hiyo, na mwaka 1999 mahakama ya rufaa huko Chicago ikaona kwamba ruhusa ya mdomo, isiyo na muda maalumu, bendi inaweza kuisitisha. Lebo ikapoteza albamu hizo. Nusu kwa nusu ni sawa, ila iandike, na uandike ni kwa miaka mingapi.

Na tukimsifu tumsifu mzima. Kwenye miaka ya Big Black, na zaidi kwenye bendi fupi iliyofuata ambayo jina lake sitaliandika hapa, alitumia lugha na majina ya kuumiza watu, hasa wanawake, kwa sababu tu ya kushtua. Mwaka 2021 alikiri hadharani kwamba alikosea na kwamba wajibu wa kulisema ulikuwa wake. Naona hilo ni sehemu ya historia yake sawa na maiki za sakafuni.

---

FundiWaMeza alijibu:

Dada ShaliNyekundu, nakubali, na nilipaswa kulitenganisha tangu mwanzo. Nilichoandika ni kwa anayenasa, siyo anayetunga.

BesiNzito, ninyi mna nyimbo zenu tayari, kwa hiyo mkimwita fundi mlipeni kwa siku na msimpe asilimia. Nyimbo nane kwa mpango wa mara tatu tatu: siku ya kwanza nusu nzima kuweka maiki na kupima polariti, jioni nyimbo mbili. Siku ya pili nyimbo sita, mkianza na zinazochosha mpiga dramu mapema, kabla mikono haijalegea. Siku ya tatu sauti za kuimba. Siku ya nne na ya tano kuchanganya, nyimbo nne kwa siku. Masta mpeni mtu mwingine ambaye hajakaa humo chumbani. Na kabla fundi hajafika, pateni UPS (betri ya dharura) ya kompyuta na intafesi, maana umeme ukikatika katikati ya mara ya tatu nzuri, faili linaweza lisifunguke tena.